Mtoto wa Mbali Kuliko Wote Nkoaranga

Nkoaranga, Meru
14 Januari 2024

Mwanangu Vaileth,

Salaam katika jina la Bwana. Mimi mzima, mama yako mzima, ng'ombe wote wawili wazima. Kahawa tumemaliza kuchuma.

Habari za simu sitaki tena. Sikio la kulia limekufa na la kushoto linasikia linachotaka. Nitakuwa nakuandikia kwa mkono, mama yako anapiga picha karatasi anakutumia. Ukijibu anakwenda kuchapisha Tengeru. Andika kwa herufi kubwa.

Sasa jambo lenyewe. Leo baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka kama kawaida, ndizi za huyu, mayai ya yule. Nathanael Mbise akanunua jogoo kwa bei ya mbuzi, halafu akasema kwa sauti, hata mimi nikasikia, kwamba jogoo huyo amelipiwa na mtoto wa mbali kuliko wote waliowahi kutoka usharika huu. Yaani Calvin wake, aliyeko Auckland, New Zealand, kwenye ng'ombe wa maziwa. Watu wakapiga makofi. Wakapiga makofi, Vaileth, mbele yangu mimi, baba wa fundi wa ndege wa Vancouver!

Nikasimama nikasema Vancouver ndiyo mbali. Mchungaji akasema tumwachie Mungu. Mungu anajua tayari, mimi nataka usharika ujue.

Angekuwa jirani mwingine ningenyamaza. Lakini huyu ni Nathanael. Unakumbuka siku tuliyokusindikiza KIA, nyumba nzima tumevaa nguo za kanisani. Tuliporudi jioni nikakuta masale, ile mimea ya mpaka, yamepandwa upya, yameingia kwangu kwa upana wa shina zima la mgomba. Yeye anadai mvua iliyaangusha na alichofanya ni kuyarudisha. Mvua gani hiyo inayochagua siku ambayo mwenye shamba yuko uwanja wa ndege? Tangu siku hiyo hatusalimiani, na sisi tunasikia hata vijiko vyao vikigonga sahani.

Kwa hiyo niandikie umbali wa kutoka hapa hadi Vancouver, na wa kutoka hapa hadi Auckland. Kwa anga, maana kwa miguu hafiki mtu. Kama kazini kwenu wana muhuri, gonga.

Baba yako,
Elisaria Nanyaro


Vancouver
21 Januari 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa chini ya bawa la ndege, wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Nikashindwa kuwaeleza mnada wa jogoo kwa Kiingereza.

Muhuri siwezi kuupata kwa mambo haya, itakubidi uridhike na sahihi yangu, ambayo huku ndiyo inayoruhusu ndege kuruka. Kwa mstari ulionyooka, kutoka kwetu hadi Vancouver ni kilomita elfu kumi na nne na mia tano hivi. Hadi Auckland ni elfu kumi na tatu na mia nane hivi. Usipime kwa rula kwenye ile ramani ya ukutani ya Shule ya Jumapili, itakudanganya. Huo mstari wa kuja kwangu hauendi magharibi kupitia Kongo. Ukivuta uzi juu ya tufe utauona unapanda juu ya Misri, unapita kwenye barafu karibu na ncha ya dunia, halafu ndiyo unanishukia.

Basi umeshinda. Naomba iishie hapo.

Nina neno moja la pembeni. Mnapogombea nani yuko mbali zaidi, mimi ndiye niliye huko mbali. Zipo siku ningefurahi kuwa wa mwisho kwenye mashindano hayo. Lakini najua unavyonionea fahari, na inanisaidia kuamka.

Huyo Calvin mara ya mwisho nilimwona siku ya kipaimara chetu, amevaa suti ya kaka yake, mikono inafika kwenye magoti.

Mwanao,
Vaileth


Nkoaranga
11 Februari 2024

Mwanangu,

Barua yako niliisoma mbele ya usharika wakati wa matangazo, yote isipokuwa lile neno la pembeni, ambalo nimelisoma peke yangu, zaidi ya mara moja. Watu walipiga makofi hadi nikavua kofia. Uzi niliuvuta kwenye mpira wa watoto wa Shule ya Jumapili nilioutia alama kwa makaa. Wakaona wenyewe.

Lakini leo Nathanael amesimama na karatasi yake kutoka kwa Calvin. Kijana anasema hakuna ndege inayoruka kwa kufuata uzi wa Mzee Nanyaro. Anasema yeye akirudi shambani kwake anatoka KIA, anapanda kwanza hadi Doha, ndipo anashuka dunia nzima hadi Auckland, na jumla ni kilomita elfu kumi na nane. Wewe unapitia Amsterdam, na njia yako, anasema, karibu yote imenyooka, kwa hiyo huongezi kitu. Hivi ni kweli? Na kama ni kweli, mbona hukuniambia?

Nimemjibu papo hapo. Nimesema mtu akitaka kwenda Usa River halafu akapitia Arusha mjini, hatusemi Usa River iko mbali, tunasema mtu huyo kapotea njia. Wakacheka. Ila wengine walikuwa wanacheka upande wa Nathanael, niliwaona.

Mwandikie huyo kijana. Mweleze umbali ni nini, wewe umesomea. Namba yake mama yako anayo, sijui kaipata wapi. Usimwonee huruma.

Baba yako,
Elisaria Nanyaro

(nyuma ya karatasi)
Vaileth, hapa nimegeuza karatasi, baba yako hajui. Namba nilipewa na mama yake Calvin kwenye kwaya. Sisi hatukugombana na mtu. Kijana ni mpole, mwandikie. Mama.


Vancouver
30 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Nimemwandikia Calvin kama ulivyoagiza. Ni mbishi huyo! Nilimtumia hesabu, akanirudishia hesabu. Nikamwambia umbali ni kati ya mahali na mahali, akasema umbali ni ule unaouchoka. Nikamwambia kuchoka hakupimwi kwa kilomita, akaniuliza kama nimewahi kukaa kwenye kiti kutoka Doha hadi Auckland nikiwa katikati ya wanaume wawili wanaokoroma. Tukaishia kupigiana simu ili ubishi uende haraka. Huku ni mchana, kwake ni kesho asubuhi, yuko kwenye kukamua, nasikia ng'ombe.

Unajua baba, bado anakumbuka nyimbo zote za kipaimara? Na anapika loshoro huko huko, mahindi anayapata kwa Wahindi, ndizi zinatoka visiwani, na maziwa, anasema, ndiyo kitu pekee asichokosa.

Suala la umbali hatujalimaliza. Tunaendelea nalo.

Mwanao,
Vaileth


Nkoaranga
9 Juni 2024

Mwanangu Vaileth,

Barua zako zimekuwa fupi kama risiti. Unasalimia, unauliza mvua, unaaga. Nilikuomba hoja, hoja sizioni. Mvua ilinyesha, migomba imeshiba.

Mama yako kanionyesha picha uliyomtumia. Umevaa gamubuti, umeshika ndoo, nyuma yako kuna ng'ombe wengi kuliko wa kata yetu nzima. Nikamuuliza, Vancouver wanafuga mjini? Akasema ulikuwa likizo. Nikamuuliza likizo wapi? Akasema chai inapoa.

Mimi ni mzee wa sikio moja, macho bado ninayo yote mawili. Uko wapi wewe, na unafanya nini?

Huku Nathanael ametulia. Jumapili iliyopita nilinunua boga nikalitaja jina lako kwa sauti. Alitabasamu tu. Sikulipenda tabasamu lile.

Baba yako,
Elisaria Nanyaro


Vancouver
4 Agosti 2024

Baba yangu, shikamoo.

Barua hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi, sasa naiandika kwa mara ya mwisho na naituma kabla sijaogopa tena.

Nilikuwa Auckland. Kuna ndege inayotoka hapa moja kwa moja hadi kule, inavuka bahari tupu, huoni chini chochote. Nilikwenda kumwona Calvin Mbise, na yeye alishakuja huku baada ya Pasaka. Baba, ananipenda, nami nampenda. Anataka kunioa na mimi nataka kuolewa naye. Wapi tutaishi hatujaamua, hilo nalo tunabishana. Lakini ndoa tunataka ifungwe hapo Nkoaranga.

Nilikuficha kwa sababu ya masale. Najua ulivyoumia ile siku. Ulikuwa umetoka kumuaga mtoto wako, ukarudi nyumbani ukakuta na ardhi imepungua. Mimi nilikuwa angani, sikuyaona machozi yako, lakini mama aliniambia.

Nathanael yuko tayari kuja kuniposa. Anasubiri useme kama utampokea. Calvin amesema tunaweza kufunga ndoa huku kwa msimamizi wa serikali, ni nusu saa, na nimemwambia hapana. Baba, siolewi wewe ukiwa umekaa ndani umefunga mlango. Ukikataa sitaolewa na Calvin, na sitakulaumu kwa maneno, lakini nitakuwa mbali kweli kweli, mbali ambako hata uzi wako haufiki.

Mwisho nikukumbushe. Ni wewe uliyesema nimwandikie, na ukasema nisimwonee huruma. Nilijaribu.

Mwanao,
Vaileth


Nkoaranga
25 Agosti 2024

Vaileth mwanangu,

Leo naandika mimi, tena upande wa mbele. Baba yako ameisoma. Kila asubuhi anachukua panga anakwenda kupunguza majani ya migomba iliyo mpakani, na ile migomba sasa imebaki uchi. Jana nilimkuta amesimama pale anayatazama masale. Ng'ambo Nathanael naye kasimama kwake, anajifanya anakagua kahawa. Watu wazima wawili, wazee wa kanisa!

Nilimuuliza, unafikiria nini? Akasema, "Ameshachukua ardhi, sasa anataka na mtoto." Nikamwambia mtoto hajachukuliwa, amejipeleka mwenyewe kwa tiketi yake. Akaniangalia, nikaona mdomo unataka kucheka akauzuia.

Usimsukume. Mpe muda. Na usilie kazini, boliti hazifungwi na machozi.

Mama yako,
Anande


Nkoaranga
22 Septemba 2024

Kwa Nathanael Mbise, hapo jirani.

Salaam.

Mtoto wangu ameniandikia. Sina haja ya kurudia, nadhani wewe ulijua kabla yangu, na lile tabasamu lako la mwezi wa sita sasa nimelielewa.

Nakuruhusu uje kuposa, kwa masharti. Vaileth si binti wa kuokotwa kichochoroni. Ni fundi wa ndege, na ndiye mtoto wa mbali kuliko wote wa usharika huu. Kwa hiyo hutapita mpakani kama mtu anayekuja kuazima jembe. Utashuka na ukoo wako wote hadi Tengeru, mtapanga magari, mtapanda kwa barabara kuu, mtapita mbele ya kanisa watu wawaone, na mtaingia kwa geti langu kubwa. Mimi nitakuwa nimekaa, na sitainuka mpaka nione isale mkononi mwako, jani moja la masale ya mpaka. Unajua isale linaombea msamaha wa nini. Sina haja ya kukufundisha.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba inanifaa.

Elisaria Nanyaro


Nkoaranga, hapo jirani
29 Septemba 2024

Ndugu Elisaria,

Barua yako imenifikia baada ya siku tatu, kwa kuwa uliipeleka ofisi ya usharika, na katibu alikuwa Moshi. Ya Calvin kutoka New Zealand inafika kabla chai haijapoa.

Mwaka mzima umeutangazia usharika kwamba umbali ni mstari ulionyooka na kwamba anayezunguka amepotea njia. Sasa mstari ulionyooka kutoka mlango wangu hadi wako unapita kwenye masale, ni mahali pa kurusha limau. Wewe huyo huyo unataka nizungukie Tengeru! Mguu wangu unaujua ulivyo tangu nilipoanguka na gunia la kahawa.

Hata hivyo nitazunguka. Calvin ndiye mtoto wangu pekee wa kiume na hili ndilo pekee alilowahi kuniomba. Na huyo Vaileth, ningekuwa nimemzaa mimi, ungenisikia kanisani kila Jumapili, na sikio lako lile bovu lingepona kwa kelele zangu.

Isale nitaleta. Sisemi niliyasogeza. Nasema nitaleta.

Nathanael Mbise


Nkoaranga
24 Novemba 2024

Mwanangu Vaileth,

Mama yako alikutumia picha za posa, lakini picha hazisemi. Nakuandikia ilivyokuwa.

Siku ile nilivaa koti la harusi yangu. Nilikaa getini kwenye kiti cha sebuleni, wajomba zako kulia na kushoto, na nilikuwa nimeapa kutoinuka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tukasikia honi kutoka bondeni, magari yanapanda. Yalipita mbele ya kanisa kwa heshima zote, watu wamejaa barabarani. Pale kwenye mteremko wa kwa Nathanael, chini kidogo ya lango lake, gari la mbele likazama kwenye tope. La pili likaligonga kidogo nyuma. Yakakaa hapo.

Nikasubiri. Nilitegemea angeingia kwake, abadilishe viatu, apite mpakani, nami nipate la kusema. Hakuingia, Vaileth. Alilipita lango la nyumba yake mwenyewe. Akaja na fimbo kwa barabara ile ile niliyomwamuru, suti imejaa tope hadi magotini, mguu anauburuza, na mkono mwingine ameuinua juu ameshika isale lisiguse tope. Watoto walikuwa wanacheka. Yeye akawa anakuja tu.

Sijui niliinukaje. Mama yako anasema kiti kilianguka. Nilimkuta katikati ya barabara, akaninyooshea lile jani, akasema, "Nanyaro, nimezunguka." Nikalipokea. Nikamwambia, "Turudi, tupite kwako, utaua mguu."

Ukoo wote ukatufuata uani kwake, na mablanketi yao na mbuzi wao na mapipa ya pombe ya ndizi. Tukafika mpakani tukasimama, maana hapapitiki, masale yamesongamana. Nathanael akanitazama. Nikaomba panga. Nikayang'oa mimi mwenyewe kwa mikono hii, yeye akishika majani nami nikikata mizizi, hadi likapatikana pengo la kupitisha watu wenye mizigo. Mbuzi wakatangulia. Yale tuliyoyang'oa tumeyapanda pembeni mwa pengo, huku na huku. Njia haitazibwa tena.

Mpaka uko wapi sasa, hatujaulizana. Ndizi za hapo katikati mama yako na mama Calvin wanakata kwa zamu.

Umeposwa, mwanangu. Nilisimama mbele ya koo mbili nikasema nimekubali, na sauti yangu niliisikia mwenyewe bila shida. Nilikuwa na fahari ambayo sijawahi kuwa nayo, hata siku ile ulipopata cheti. Nenda kaombe likizo ya ndoa, na huyo mbishi wako aombe ya kwake.

Ila kuna jambo limetokea leo na linaniudhi.

Baada ya ibada, kwenye mnada, Nathanael kanunua mkungu wa ndizi. Kasimama na fimbo yake, kasema mkungu huo ni kwa heshima ya mtoto wa mbali kuliko wote waliotoka usharika huu, naye ni mkwe wake Vaileth wa Vancouver, na kwamba amefikiri sana na umbali halisi ni ule wa mstari ulionyooka. Hoja yangu! Kaichukua kama ilivyo! Watu wakapiga makofi, na mimi ningekaa vipi kimya wakati mkwe wangu anadharauliwa na baba yake mzazi? Nikasimama nikamwambia Calvin ndiye wa mbali, kilomita elfu kumi na nane kupitia Doha, kati ya wanaume wanaokoroma, na kwamba umbali ni ule unaouchoka. Tumebishana mpaka mchungaji akafunga kanisa. Tumeendelea njiani, tumeendelea penye lile pengo, na sasa yuko hapa barazani kwangu anakunywa chai yangu na bado hajakubali.

Kwa hiyo nisaidie. Muombe Calvin hesabu zote za njia yake, KIA hadi Doha, Doha hadi Auckland, niandikie kwa herufi kubwa kabla ya Jumapili. Na safari hii usiache ule muhuri.

Baba yako,
Elisaria Nanyaro